Sanduku la Mfalme Yoashi

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, imeandikwa habari ya mfalme mmoja aitwaye Yoashi, aliyetawala Yerusalemu miaka 40. Habari hiyo haisomwi mara nyingi kanisani, wala si ndefu. Lakini ndani yake kuna fedha, kuna nyumba yenye nyufa, na kuna watu waliopokea fedha bila kuitengeneza nyumba. Mtu wa Likasi akiisikia atadhani yasimuliwa habari ya jirani yake.

Hekalu la Mungu lilikuwa limebomoka mahali pengi. Mfalme akawaagiza makuhani wazipokee sadaka za watu na kuzitumia kwa kuziba nyufa. Makuhani wakapokea. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mfalme akatazama: nyufa zi vilevile. Maandiko hayasemi kwamba makuhani hao walikuwa majambazi. Labda kila mmoja alikuwa na haja yake, na haja ya leo ikala fedha ya kesho. Mfalme akawaita, pamoja na Yehoyada kuhani wao, akawauliza sababu. Ndipo Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya altare, upande wa kuume wa mtu aingiaye. Sadaka zote zilizoletwa nyumbani mwa Mungu zikatiwa humo. Nalo lilipojaa, hakulifungua mtu mmoja peke yake: alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu, wakafunga fedha mifukoni, kisha ikatolewa kwa maseremala, kwa waashi na kwa wachonga mawe. Mbao zikanunuliwa, mawe yakanunuliwa. Hata bakuli na tarumbeta za thamani hazikufanyizwa kwa fedha ile, maana haikutolewa kwa ajili ya fahari.

Siku hizi nyumba yenye nyufa ni ipi? Tarehe 24 Mei 2015 Papa Fransisko, ambaye Mungu alimwita mwaka 2025, aliandika barua iitwayo Laudato si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba ya watu wote. Hakuwaandikia Wakatoliki peke yao, bali kila akaaye chini ya mbingu hii. Kwa watu wa Likasi na wa vijiji vya Kambove nyumba hiyo si neno la mbali. Ni msitu wa miombo, ni mto Lufira, ni ziwa Tshangalele pamoja na samaki wake.

Mto Lufira wapita mashariki ya Likasi, kisha waanguka kwenye majabali ya Mwadingusha. Mwaka 1930, enzi za Wabelgiji, maporomoko hayo yalitiwa kazini. Ukuta ulijengwa, maji yakatanda nyuma yake yakawa ziwa, na umeme uliotoka hapo ukaenda kuendesha viwanda vya shaba. Mwaka 1950 kikaongezwa kituo cha Koni, chini kidogo katika mto uleule. Wenye kutoa amri walikuwa wageni. Mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya watu weusi. Basi mtu asidhani kwamba nishati jadidifu ni mtindo ulioletwa jana. Jina ndilo jipya. Maana yake ni nguvu inayojirudia: maji yaliyopita leo hurudishwa na mvua, jua lililozama hurudi asubuhi, na upepo haumalizwi na mtu. Gunia la makala likiisha kuwaka limebaki jivu, na mti uliolitoa ulikua miaka mingi.

Lakini mtambo nao huzeeka kama mwili wa mtu. Mashini za Mwadingusha zilichakaa, nyingine zikasimama kabisa, na umeme ukapungua huku haja yake ikizidi. Ndipo shirika la umeme la taifa, yaani SNEL, lilipopatana na kampuni ya shaba ya Kamoa. Kampuni ikakopesha fedha za matengenezo, na deni hilo hulipwa kidogokidogo katika bei ya umeme inaoununua. Mwaka 2021 mashini zote 6 zilikuwa zimefanywa upya, zenye nguvu ya megawati 78 hivi. Wengine husema, serikali haikutoa kitu hapo. Si kweli. Maji yale ni ya taifa, ukuta ule ni wa taifa, na alipaye deni kwa mali yake amelipa. Kila raia wa Kongo, hata asiye na taa nyumbani, ana tone lake katika matengenezo yale.

Sasa na wasomaji waangalie vizuri jambo hili, maana hapa ndipo panapouma. Nyumba ikikarabatiwa dirishani huku mtu achimba msingi wake, fundi amefanya kazi bure. Mashini za Mwadingusha huzungushwa na maji, na maji hutunzwa na msitu. Mvua ikianguka juu ya miti na majani, udongo huinywa, kisha huitoa polepole hata wakati wa kiangazi. Mvua ikianguka juu ya kilima kilichonyolewa, hutelemka kwa ghadhabu ikichukua udongo, nao udongo huenda kutua katika ziwa. Ziwa lenye matope tumboni halina nafasi ya maji. Basi shoka lililiapo kilimani lagusa taa iliyo hospitalini Likasi, ingawa mwenye shoka haioni taa hiyo. Wala si shoka tu: maji machafu ya viwanda nayo hufika katika ziwa lile, na wenye elimu waliochunguza samaki wa Tshangalele wamekuta ndani yao madini yasiyofaa kuliwa na watu. Kampuni na serikali zina hesabu kubwa ya kutoa mbele ya Mungu kwa jambo hilo. Tangu mwaka 1982 bonde la Lufira limeandikwa na UNESCO kuwa hifadhi. Lakini jina katika daftari halizuii shoka wala sumu.

Kwa nini watu wakata? Yeyote aliyekutana alfajiri na baiskeli zilizopakiwa magunia, mwenyewe akizisukuma kwa miguu kuelekea mjini, ajua ya kwamba mtu hafanyi kazi hiyo kwa anasa. Anasukuma ada ya shule, anasukuma dawa ya mtoto. Nao wakaao mjini wahitaji makala kwa sababu umeme hukatika, au haufiki kwao kabisa. Katika Kongo nzima, katika kila watu 100, karibu 20 tu ndio wenye umeme, na vijijini ni wachache mno. Nyaya kubwa hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku ni giza tupu. Kijana alale chini ya waya wenye nguvu ya kuyeyusha shaba, naye asome kwa koroboi! Jambo hilo lastahili kuitwa kwa jina lake: ni ukosefu wa haki.

Ndiyo sababu serikali haina budi kuweka fedha. Mkulima peke yake hawezi kununua mtambo wa maji, wala kijiji kimoja hakiwezi kurudisha msitu wa bonde zima. Kwa kusema kweli, masanduku yapo. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 iliagiza mfuko wa kupanda tena miti. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 iliagiza mfuko mwingine wa kuyalinda. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ikatoa njia ya kuundwa shirika la kupeleka umeme vijijini, liitwalo ANSER. Mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, nchi za nje ziliahidi Kongo dola milioni 500 kwa miaka 5, kwa ajili ya misitu. Tanzania nao walifanya kama Yehoyada: kwa sheria ya mwaka 2005 walianzisha mfuko wa nishati vijijini, na kila anunuaye umeme hukatwa sehemu 3 katika kila 100. Aliye na taa amchangia asiye nayo. Sanduku lina tundu dogo, lakini kila mtu apitaye hutia kitu.

Hata hivyo sanduku lililo karibu kuliko yote na mtu wa kijiji cha Haut-Katanga ni lile la madini. Sheria ya madini, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, yasema kwamba ushuru utozwao kwa madini yanayouzwa ugawanywe hivi: katika kila franka 100, franka 50 ziende kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta au usultani ambamo mgodi umo, na 10 ziwekwe akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena kampuni hutakiwa kutoa 3 katika kila 1,000 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Hizo 10 za akiba zamkumbusha Yosefu huko Misri, aliyetenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka 7 ya shibe, kwa sababu alijua kwamba njaa inakuja. Shaba nayo itakwisha siku moja. Haioti kama mhogo. Mzee aliyekula shaba yote bila kuwaachia wajukuu hata msitu, wajukuu watakuja kulitaja jina lake kwa namna gani?

Na zile 15 ni za nani? Si za sultani, wala si za bwana meya. Ni za watu wote wa mahali pale. Wenye mamlaka ni watunza funguo tu.

Katekisimu yafundisha Amri ya Saba: usiibe. Mkatekumeni akiulizwa hujibu haraka, ajua kwamba kuiba kuku ni dhambi. Akiulizwa kuhusu mali ya serikali, husitasita. Kuna usemi mbaya uliozoeleka, kwamba mali ya serikali haina mwenyewe. Tuseme zahanati ya kijiji imepewa paneli za jua pamoja na betri zake, zilizonunuliwa kwa fedha ya sanduku. Usiku mmoja betri zatoweka. Mwenye kuzichukua hakuvunja nyumba ya mtu, hakumpiga mtu, na sasa anaangalia mpira wa miguu katika televisheni yake, marafiki wamemzunguka na kumsifu. Baada ya wiki mbili mama mmoja aletwa kujifungua saa nane ya usiku. Mkunga ashika simu kwa meno ili apate mwanga, maana mikono yote miwili ina kazi. Je, mali ile haikuwa na mwenyewe? Mwenyewe ndiye huyo mama, na mtoto ambaye hajaiona dunia bado. Aliyeiba kuku amemwibia mtu mmoja. Aliyeiba betri hizo hajui hata hesabu ya watu aliowaibia.

Na yule mkubwa aliyekula fedha kabla betri hazijanunuliwa? Dhambi yake ni ileile, ila ni nzito zaidi, maana alipewa amana. Yuda naye ndiye aliyeshika mfuko wa mitume, na Mtakatifu Yohane, sura ya 12, hakuficha kwamba alikuwa akiiba yaliyotiwa humo. Tena Yuda alisema maneno mazuri kuhusu maskini siku ileile. Watu na wasikie si maneno tu, bali watazame mfuko.

Wengine waogopa kuuliza. Wasema, Amri ya Nne yatuagiza tuwaheshimu wakubwa, basi kumwuliza sultani hesabu ni kumtukana. Lakini mfalme Yoashi alimwuliza Yehoyada, ambaye alikuwa amemlea tangu utoto. Hakumtukana. Alimwuliza, na kuhani mkuu hakukasirika; alikwenda kutafuta sanduku. Namna ya kuuliza ipo. Wazee wawili au watatu huenda pamoja, pamoja na akina mama, maana wao ndio wachotao maji na kutafuta kuni. Huamkia kama ipasavyo, huketi, kisha huuliza: baba, mwaka huu usultani wetu umepokea kiasi gani katika zile 15, na zimefanya kazi gani? Mkubwa mwaminifu atafurahi, kwa sababu jibu lake litanyamazisha masengenyo. Maandiko yasema ya kwamba mafundi waliopewa fedha za Hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walijulikana kuwa waaminifu. Lakini jambo hilo lilifuata baada ya sanduku kutobolewa na fedha kuhesabiwa mbele ya watu wawili. Uaminifu wao ulikuwa umeonekana kwanza.

Kuna swali moja ambalo wakatekumeni wengi huona haya kulitoa mbele ya Padri. Mtu mmoja, tuseme, ana watoto 6, na kazi yake ni kuchoma makala. Yu katika mwaka wa pili wa mafundisho. Sasa asikia kwamba msitu ni nyumba ya Mungu na ya watu wote. Je, aweza kubatizwa, au sharti aache kazi yake kwanza na watoto walale na njaa?

Kuchoma makala kwenyewe si dhambi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chaeleza kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mungu hakumkataza mti wa kupikia. Lakini kazi ni mbili, si moja, na mwenye kulima bila kutunza ameshika nusu tu ya agizo. Kwa hiyo mtu huyo akikata katika hifadhi, au katika ardhi ya mwingine, au akimpa mlinzi hongo apate kupita, hapo ametenda dhambi na ajua. Akiwasha moto porini mwezi wa Septemba, majani yakiwa yamekauka kabisa, ili apate panya wa mwituni, moto ukala chipukizi za miaka 5, hapo pia amedhulumu. Lakini akikata mahali alipopewa ruhusa, akaacha miti ya mbegu, akaacha visiki vikiwa hai, maana miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye kisiki, akavikinga na moto, mtu huyo asiogope kuja kwenye maji ya ubatizo. Maskini asibebeshwe mzigo wote wa msitu huku wenye malori wakipita na kupungiwa mkono.

Zaidi ya hayo yafaa ajue kwamba makala yaweza kulimwa. Huko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, serikali ilisaidiwa na fedha za Ulaya kupanda miti ya akasia hekta karibu 8,000, mahali ambapo palikuwa nyasi tupu. Shamba likagawiwa familia zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Familia hukata sehemu yake, huchoma makala, hupanda mhogo na mahindi katikati ya miche, na huvuna asali. Miti ikikomaa baada ya miaka 10 hivi, hukata tena palepale, bila kugusa msitu wa asili. Hapo fedha ya sanduku ilifika kwa seremala na mwashi, kama Yehoyada alivyotaka. Haikuwa kazi kamilifu, kazi gani ya wanadamu iliyo kamilifu? Lakini yaonyesha kwamba mchoma makala si adui wa msitu kwa kuzaliwa. Usultani wowote wenye zile 15 katika 100 waweza kuanza na hekta 10.

Yoashi mwenyewe hakumaliza vema. Adui alipokuja kutoka Shamu, mfalme aliitwaa hazina yote ya nyumba ya Mungu, dhahabu na vitu vitakatifu vilivyowekwa na baba zake, akampelekea adui ili aende zake. Yule aliyelilinda sanduku miaka mingi akaja kulimwaga siku moja kwa hofu. Kwa hiyo hesabu ya mwaka jana haitoshi. Wahesabuji wawili wahitajiwa mwaka hata mwaka, hata kama mfalme ni mwema.

Imebaki habari ya malipo. Ubatizo huondoa dhambi zote, lakini mali iliyoibiwa ingali mkononi mwa aliyeibatiza jina lake, nayo sharti irudi kwa mwenyewe. Betri ya zahanati irudishwe zahanati, hata usiku, hata kwa mkono wa Padri ili aibu ipungue. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alimwambia Bwana wetu Yezu Kristu kwamba atarudisha mara nne. Basi aliyekata mti mmoja asipopewa ruhusa na apande minne, maana mmoja huliwa na mbuzi, mmoja huliwa na moto, na mmoja hukaushwa na jua. Mashimo huchimbwa mwezi wa Oktoba, ardhi ingali ngumu. Miche hutiwa ndani mvua za Novemba zikiisha kulowesha udongo, na pembeni husafishwa nyasi kwa upana wa jembe mbili, kabla ya kiangazi kurudi.